Daraja Lenye Paa na Picha Zake

Leo twataka kuwaeleza habari za daraja moja la mbao lililokuwa katika kijiji cha North Blenheim, jimbo la New York, huko Marekani. Mtu asikiapo New York huwaza majumba marefu na kelele za magari. Lakini kijiji hiki ki mbali na mji ule, katikati ya mashamba na vilima, na mto wake, Schoharie, huenda taratibu siku nyingi za mwaka. Twasema siku nyingi, wala si zote.

Daraja lile lilijengwa mwaka 1855 na fundi Nicholas Powers, mtu wa Vermont. Lilivuka mto kwa futi 210 pasipo nguzo hata moja majini. Ndani mlikuwa na njia mbili, na katikati yake ukuta wa boriti, na katika ukuta ule tao kubwa la mbao lililopanda hata kufikia kilele cha paa. Yasemekana ya kuwa siku ya kuondoa majukwaa, watu wakingoja lianguke, Powers alipanda juu ya paa akaketi, ili likianguka aanguke nalo. Sisi hatuapi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ila daraja halikuanguka.

Labda mtu atauliza, paa juu ya daraja ni la nini? Wengi hudhani ni la kuwakinga wasafiri na mvua. Sivyo. Lazikinga boriti. Mwenye nyumba ya miti na udongo ajua neno hili: upenu ukiwa mfupi, nguzo huoza kabla ya wakati wake. Daraja la mbao lisilofunikwa huoza upesi. Lenye paa huweza kudumu miaka mia na zaidi.

Mwaka 1933 serikali ya Marekani ilianza kazi ya kupima na kupiga picha majengo ya kale, ikiwapa riziki wachoraji wa majengo waliokosa kazi wakati wa dhiki. Daraja la Blenheim lilikuwa mojawapo ya majengo hayo.

Kulipiga picha daraja la namna hii kwa nje si kazi ngumu. Mtu husimama ukingoni asubuhi, maji yametulia, akapata paa, miti, na kivuli chake mtoni. Picha hiyo kila mgeni huipenda. Taabu iko ndani. Mna giza, na nuru huingia hasa kwa milango ya mwanzo na mwisho. Asiye mwangalifu hupata madirisha mawili meupe na weusi mtupu katikati. Yampasa kuisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, kuliacha tundu lake wazi kwa muda, na kungoja pasiwe na mtu wa kutikisa sakafu. Hapo ndipo huonekana jinsi boriti hii ilivyoingia katika ile. Si picha ya kupendeza. Twakiri, tungalionyeshwa sisi kwanza, tungalifunua ukurasa.

Tarehe 28 Agosti 2011 ikaja mvua ya tufani iliyoitwa Irene. Schoharie ukafurika, ukalichukua daraja zima, baada ya miaka 156. Vipande vya mbao viliokotwa chini mtoni. Wenyeji wakaomba fedha za serikali, wakakataliwa, wakaomba tena, hata mwisho wakapewa. Na mwaka 2018 daraja jipya likamalizika, kwa umbo lile lile, limeinuliwa juu zaidi ya maji. Kwa kuwa daraja la kale halikuwapo tena la kupimwa, kilichosalia kuonyesha viungo vyake ni michoro na picha zile za gizani.

Juzi tuliwaonyesha wanafunzi wetu picha mbili, ya daraja la kale na ya jipya. Katika ile ya kwanza mbao ni nyeusi. Katika ya pili zang'aa kama zilizotoka kupigwa randa. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hili ni lile lile, au ni jingine?" Wengine wakasema ni jingine, kwa kuwa mti wake si ule. Wengine wakakataa. Tukabishana hata kengele ikalia.