Hong Kong, Miaka Sita ya Kungoja Nyumba Ishuke Bei

Mapema mwaka 1997, mtu aliyetaka fleti mpya Hong Kong alianza kwa kupanga foleni, na nafasi ya mbele kwenye foleni hiyo yenyewe iliuzwa. Mara nyingi jengo lilikuwa bado shimo na nondo. Mnunuzi alioneshwa ramani na mfano mdogo wa jengo ndani ya kabati la vioo, akaandika hundi ya arabuni. Wapo waliouza haki hiyo kwa mtu mwingine, kwa faida, kabla ghorofa ya kwanza haijasimama. Aliyesema atasubiri kwanza alionekana hajui hesabu.

Na kwa kweli hesabu ya miaka ile haikumpendelea. Tangu 1985, kwa mujibu wa makubaliano ya Uingereza na China kuhusu kurudishwa kwa koloni hilo, serikali ya Hong Kong haikuruhusiwa kwa kawaida kuuza zaidi ya hekta 50 za ardhi kwa mwaka. Dola yake ilikuwa imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu Oktoba 1983, kwa 7.80, kwa hiyo riba yake ilifuata ya Marekani hata pale mahitaji ya mji yalipokuwa mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumuko wa bei ulikaribia 10% huku mikopo ya nyumba ikitozwa riba isiyofika hapo. Kukopa kulikuwa faida; kuweka akiba kulikuwa kupunjika.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ni vizuri kueleza jambo moja hapa. Huku mtu hununua kiwanja mwaka huu, msingi mwakani, mabati akipata, akahamia nyumba ikiwa haina hata plasta. Makosa ya wakati hugawanyika katika miaka kumi ya ujenzi. Mkazi wa Hong Kong hana kiwanja. Karibu nusu ya watu walikaa kwenye nyumba za serikali, na waliobaki walikuwa na njia mbili: kupanga, au kununua fleti nzima kwa mkupuo, kianzio cha 30% na mkopo wa miaka 20 hivi. Mwezi mmoja wa kusaini mkataba uliweza kuamua maisha ya familia kwa muongo mzima.

Bendera ya Uingereza ilishushwa usiku wa kuamkia Julai 1, 1997. Kesho yake, Julai 2, Thailand ikaiachia sarafu yake, baht, ielee, na msukosuko wa fedha wa Asia ukaanza. Oktoba 8 mkuu mpya wa serikali, Tung Chee-hwa, alitangaza kwamba zitajengwa nyumba zisizopungua 85,000 kila mwaka ili katika miaka kumi 70% ya familia ziwe na nyumba zao. Ahadi ilikuwa njema, ila wakati wake ulikuwa mbaya kupindukia. Wiki mbili baadaye walanguzi waliishambulia dola ya Hong Kong, na Oktoba 23 riba ya benki kukopeshana usiku mmoja ikaruka hadi 280%. Soko la hisa lilipoteza zaidi ya 10% siku hiyo hiyo.

Bei za nyumba hazikuanguka kwa kishindo kama hisa. Nyumba huanguka kwa ukimya: kwanza wanunuzi hawapigi simu, halafu madalali wanaanza kupunguza lugha ya majivuno, mwishowe muuzaji mmoja mwenye shida anakubali bei ambayo jirani yake anaiona matusi. Kipimo cha idara ya serikali ya uthamini wa majengo, ambacho kiwango chake cha mwaka 1999 kimewekwa kuwa 100, kilikuwa na wastani wa 163 mwaka 1997. Mwaka 1998 kikawa 117. Mei 1998 kampuni ya tajiri Li Ka-shing, Cheung Kong, ilitoa fleti zake za kisiwa cha Tsing Yi kwa bei iliyowakata maini washindani, na vita vya bei vikaanza. Juni serikali ikasimamisha uuzaji wa ardhi hadi Machi mwaka uliofuata. Zile nyumba 85,000 kwa mwaka zikaachwa kimyakimya. Tung alikuja kusema waziwazi katikati ya mwaka 2000 kwamba sera hiyo haikuwapo tangu 1998, jambo lililowashangaza hata baadhi ya watu waliokuwa bado wanaipanga mikakati yake.

Sasa kungoja kukawa busara ya kila mtu. Swali lilikuwa kungoja hadi lini.

Aliyejibu swali hilo mwaka 1999 anastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko wengine, maana ndiye aliyeonekana mwerevu. Tuseme kuna fleti iliyokuwa na thamani ya dola za Hong Kong milioni 4 mwaka 1997. Miaka miwili baadaye, kwa kufuata kipimo kile, ingepatikana kwa milioni 2.45 hivi. Huyu bwana alikuwa amevumilia, amewaona wenzake wakiungua, na sasa anapewa punguzo la karibu 40%. Dalili nazo zilikuwa upande wake: soko la hisa lilifufuka, kampuni za intaneti zilikuwa habari ya mji, na uchumi ulikuwa njiani kukua kwa kasi mwaka 2000. Akatoa kianzio cha takriban 735,000, akakopa zilizobaki.

Kipimo kikashuka hadi 90 mwaka 2000, 79 mwaka 2001, 70 mwaka 2002. Mwaka 2003 kilikuwa 62. Fleti ile ile sasa ingeuzwa kwa takriban milioni 1.5, yaani karibu sawa na deni lililobaki benki. Kianzio chake chote kilikuwa kimeyeyuka, na hakuwa amekosea kusoma dalili hata moja.

Kilichomponza ni kitu ambacho wengi hawakuwa wamekiona tangu wazaliwe. Kuanzia Novemba 1998 hadi katikati ya 2004 bei za bidhaa kwa jumla zilikuwa zikishuka Hong Kong. Nchi nyingine ingeshusha thamani ya sarafu yake. Hong Kong haikuweza, kwa sababu ya ile 7.80. Marekebisho yote yalipitia kwenye mishahara, kodi za maduka na nyumba. Mwenye mkopo wa 7% wakati bei zinashuka kwa 3% alikuwa analipa, kwa thamani halisi, kama 10%. Deni lilibaki na tarakimu zile zile huku kila kitu kingine kikipungua, mshahara ukiwamo.

Mpangaji, kinyume chake, alikuwa analipwa kwa kukaa tu. Kodi za nyumba zilishuka kwa takriban 45% kati ya 1997 na 2003. Kila mkataba ulipoisha aliweza kumtishia mwenye nyumba kwamba atahama, na mwenye nyumba, aliyekuwa na marejesho ya kulipa, alikubali. Hapa ndipo ilipo siri ya miaka ile, na inashangaza jinsi inavyosahaulika katika simulizi za waliobahatika: kungoja kulilipa kwa sababu gharama ya kungoja nayo ilikuwa inashuka. Mtu aliyeitunza salama dola milioni 1.2, kianzio cha ile fleti ya milioni 4, mwaka 2003 angekaribia kuinunua nzima taslimu. Sharti ni kuwa aliitunza benki. Wengi waliweka akiba zao kwenye hisa, na hisa zilipoteza kama 60% kati ya Agosti 1997 na Agosti 1998.

Kwa walionunua kileleni, hali ilikuwa nyingine kabisa. Kufikia Juni 2003, mikopo 105,697 ilikuwa imezidi thamani ya nyumba zilizowekwa rehani, karibu mkopo mmoja kati ya mitano. Hata hivyo walioacha kulipa walikuwa wachache ajabu: kiwango cha mikopo iliyochelewa kwa zaidi ya miezi mitatu hakikuvuka 1.43%, nacho kilifika hapo Aprili 2001. Uaminifu ulikuwapo, lakini sheria pia ilikuwa kali. Kurudisha funguo hakukufuta deni. Benki iliuza nyumba, kisha ikamfuata mkopaji kudai kilichobaki. Watu wakafunga mkanda wakaendelea kulipia kitu kisichofika nusu ya walichokinunua.

Novemba 2002 serikali, kupitia waziri wa nyumba Michael Suen, ilitangaza hatua tisa za kuzuia anguko. Uuzaji wa ardhi ulisimamishwa kwa mwaka mzima, na mpango wa kuuzia wananchi fleti za bei nafuu, uliokuwapo tangu miaka ya 1970, ukafungwa. Soko halikutikisika. Halafu ikaja SARS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu.

Machi 2003 ugonjwa ulilipuka Amoy Gardens, makazi ya maghorofa huko Kowloon, na zaidi ya wakazi 300 waliugua, jengo la E likiathirika kuliko mengine. Wachunguzi waliyatilia shaka mabomba ya maji machafu: vizuizi vya maji chini ya sakafu za bafu vilikuwa vimekauka, hewa yenye virusi ikapanda kutoka fleti moja hadi nyingine. Wakazi wa jengo hilo walihamishiwa kambi za mapumziko kukaa karantini. Ni vigumu kufikiria wakati mbaya zaidi wa kwenda kukagua fleti: barakoa usoni, vifungo vya lifti vimefunikwa plastiki, na mnunuzi anauliza habari za mabomba kabla ya kuuliza bei. Hong Kong nzima ilipoteza watu 299. Ukosefu wa ajira ulipita 8%. Julai 1 umati mkubwa, waandaaji wakisema nusu milioni, uliandamana kupinga muswada wa usalama, na hasira za wenye madeni ya nyumba zilitembea pamoja nao.

Katikati ya mwaka huo ndipo palipokuwa chini kabisa. Hakuna kengele iliyolia. Mwishoni mwa Julai China ilianza kuwaruhusu watu wa baadhi ya miji yake kutembelea Hong Kong mmoja mmoja bila kikundi, maduka yakajaa, na viwango vya riba vya benki vilikuwa vimeshuka hadi baadhi ya mikopo ya nyumba kutozwa karibu 2.5%. Wastani wa bei wa 2004 ulikuwa juu kwa robo kuliko wa 2003.

Waliongoja kwa ustadi miaka sita walijikuta wakikosa mwaka huo mmoja wa kununua. Mtu aliyejifunza kwamba kila mwaka hupunguza bei hakuona sababu ya kuamini mwaka mmoja uliopandisha; alingoja ishuke tena. Ilishuka mwishoni mwa 2008, kwa miezi michache, wakati dunia nzima ilipokuwa na hofu ya ajira. Kisha ikapaa. Na ardhi iliyozuiwa 2002 iligeuka upungufu wa nyumba baadaye. Mwaka 2011 wastani ulikuwa 182, juu ya kilele cha 1997. Septemba 2021 kipimo kilikaribia 400.

Kutoka hapo bei zilianza kuteremka upya, na kufikia mwanzoni mwa 2025 zilikuwa zimepoteza zaidi ya robo. Mikopo iliyozidi thamani ya nyumba ilipita 30,000 mapema mwaka 2024, idadi ambayo haikuwa imeonekana kwa takriban miaka 20. Februari mwaka huo serikali iliondoa kodi zote maalumu ilizokuwa imeziweka kuwapunguza kasi wanunuzi. Watu wa mji huo wakaizungumza tena 1997, na wengine wakashauriana kungoja kama walivyongoja wazazi wao. Ila safari hiyo kodi za pango zilikuwa zikipanda wakati bei zinashuka, na mwenye nyumba wa Kowloon hakutishika tena mpangaji aliposema atahama.