Mkono, Hatamu na Kusimama: Kitenzi "manage" mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na kitenzi cha Kiingereza "manage", kwa kawaida hukimbilia "simamia". Mara nyingi hakosei. Lakini kitenzi hicho hicho humhusu mkurugenzi anayeendesha kiwanda, mgonjwa anayedhibiti kisukari, mjane anayejikimu kwa pensheni ndogo, na mtoto aliyehangaika na kamba za viatu hadi akaweza kuzifunga. Hoja yangu ni kwamba hakuna kisawe kimoja cha kutafutwa hapa, na kwamba pupa ya kukipata inafifisha tofauti ambazo Kiswahili kilikwisha kuzichora barabara.

Neno hili liliingia katika Kiingereza karne ya 16 kutoka Kiitalia, "maneggiare", ambalo shina lake ni "mano", yaani mkono. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfunza farasi na kumtawala kwa hatamu. Katika tamthilia ya Richard II, Shakespeare bado analitumia kwa farasi. Baadaye maana zake ziliathiriwa na "ménager" la Kifaransa, neno la utunzaji wa nyumba na kubana matumizi, ambalo asili yake si mkono hata kidogo. Kwa hiyo limebeba nasaba mbili: ya anayetiisha kiumbe chenye nguvu, na ya anayekitunza kidogo alichonacho kisiishe. Frederick Taylor alipochapisha kitabu chake cha kanuni za menejimenti ya kisayansi mwaka 1911, nasaba ya kwanza ndiyo iliyopewa kiti cha mbele.

Kiswahili kimeigawa kazi hii. "Simamia" ni "simama" iliyopewa kauli ya kutendea: mtu anasimama kwa ajili ya jambo au mahali pa mwingine. Msimamizi wa mirathi hairithi mali kwa sababu tu ya kuisimamia. Anawajibika kwa warithi. "Endesha" ni kukifanya kitu kiende, iwe baiskeli, duka au mkutano. Ukikihamishia kitenzi hiki kwa mtu, kinageuka lawama: anayemwendesha mwenzake amemnyima hiari yake. Kiswahili kimeiona hatari ya kumtendea mtu kama farasi na kuitia katika msamiati wenyewe, jambo ambalo kitenzi cha Kiingereza hakilazimiki kulifanya.

Penye ugumu zaidi ni pale kitenzi hiki kinapotangulia kitenzi kingine. Mwanaisimu Lauri Karttunen, katika makala yake ya mwaka 1971, alikitumia kama mfano wa vitenzi vinavyobeba matokeo ndani yake: ukisema kwa kitenzi hiki kwamba mtu alifungua mlango, mlango umefunguka, ukikanusha, haukufunguka. Katika hali zote mbili msikilizaji huelewa kwamba kulikuwa na ugumu wa kushindana nao. Wafasiri wetu huweka "fanikiwa". Matokeo yanabaki, ila jasho linapotea, na pamoja na matokeo huingia harufu ya heri ambayo haikuwamo. Ndiyo maana sentensi kama "alifanikiwa kuvunja mguu" inachoma sikio. Mara nyingi kinachotufaa ni kielezi: akafungua kwa taabu, hatimaye akaweza.

Ofisini tumekopa nomino, "meneja" na "menejimenti", lakini Kiswahili sanifu hakikukihitaji kitenzi chenyewe. Tanzania ina ofisi ya serikali ya Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, na pia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Asili ya Kiingereza ni moja, visawe vya Kiswahili ni viwili. Sipingi kukopa. Ninachokihofia ni kwamba "menejimenti" limekuwa pia jina la kundi la wakubwa: menejimenti imeamua, menejimenti imekataa. "Usimamizi" humlazimisha msomaji kuuliza nani anasimamia nini, kwa niaba ya nani. "Menejimenti" huamua bila kuulizwa.

Gharama ya kisawe kimoja huonekana wazi hospitalini. Kipeperushi kinachomwambia mgonjwa wa saratani kwamba wahudumu "watasimamia maumivu" yake kinamfanya mhudumu kuwa mlinzi wa maumivu hayo. Mgonjwa anataka yatulizwe.