Degedege: Jina Tulilolifanya Jibu

Usiku mmoja wa masika, katikati ya miaka ya 1980, mdogo wangu wa kike alikakamaa mikononi mwa mama yetu, nyumbani Kilwa Kivinje. Alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mchana wake alikuwa amecheza uani; jioni akala wali kidogo, akalalamika baridi. Kabla ya alfajiri macho yake yalikuwa yamegeuka, meno yameumana, mikono na miguu ikitukutika. Bibi yangu mzaa mama aliingia chumbani, akamtazama, akatamka neno moja: degedege. Kisha akaongeza agizo ambalo wazee wengi wa pwani wa wakati ule walilijua: asichomwe sindano.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na neno lile pamoja na agizo lile havijaniondoka. Makala hii si ya kitabibu. Ni makala kuhusu namna jamii, na hospitali vilevile, inavyotafuta maana ya ugonjwa unaoshuka ghafla juu ya ubongo wa mtoto, na kuhusu yale yanayotokea pale jina linapokalia kiti cha jibu.

Katika pwani yetu degedege lilielezwa kuwa ni shetani ajaye kwa umbo la ndege. Kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto huanguka. Tiba yake ilikuwa kufukizwa, mara nyingi kwa kinyesi cha tembo, kuogeshwa maji ya majani na kusomewa. Msomaji wa leo asicheke. Ugonjwa wenyewe hushuka bila hodi, hutikisa viungo kama mbawa, kisha humwacha mtoto kama aliyeondokewa na roho yake. Walioutungia maelezo hayo walikuwa wameutazama kwa makini. Hata maji ya majani yalikuwa na faida yake, kwa kuwa yalipoza mwili uliokuwa ukiungua.

Agizo la sindano ndilo linalostahili kutafakariwa zaidi. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliikuta imani hiyo hiyo: mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, aanze kwa mganga, hospitali baadaye. Wapo walioiita ujinga. Mimi naiita hitimisho lililotokana na ushahidi usiokamilika. Mtoto alifikishwa hospitali siku ya pili au ya tatu, akiwa hajitambui tena. Akapigwa sindano ya kwinini. Akafa. Majirani waliona mambo mawili yakifuatana, wakaunganisha. Tena, sindano ya kwinini ikichomwa vibaya kwenye takio iliweza kuumiza mshipa wa fahamu na kumwacha aliyepona akichechemea maisha yake yote. Hofu ile haikuzuka hewani.

Kilichokosekana katika ushahidi wa kijiji ni swali moja: kwa nini mtoto alichelewa? Sehemu ya jibu ni ule mzunguko wa kuanzia kwa mganga. Sehemu nyingine imo katika historia ya barabara. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, anayetoka kusini kwenda Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea aliweza kukaa ukingoni siku kadhaa. Dawa, mafuta, vipuri na waganga wa serikali walipita njia hiyo hiyo. Ndani ya wilaya hali haikuwa nyepesi zaidi: mgonjwa alibebwa kwa machela, kwa baiskeli au kwa mashua. Wala tusidhani hayo yamekwisha. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoibomoa barabara kuu upande wa Somanga, Lindi na Mtwara zilikatika tena na Dar es Salaam.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh. Wagonjwa wa malaria kali wasioweza kumeza dawa walipewa kijijini dawa ya atesuneti ya kupachika kwenye njia ya haja kubwa, kabla ya kuanza safari ya kwenda hospitali. Kwa wale ambao saa sita zilipita kabla hawajafika, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa takriban nusu. Matokeo hayo ni ya tiba, lakini ni ya barabara pia.

Sasa tuigeukie hospitali. Mwaka 1880 Laveran, daktari Mfaransa aliyekuwa Algeria, alikiona kimelea cha malaria katika damu ya binadamu. Baadaye ilifahamika kwamba chembe nyekundu zilizoingiwa na kimelea hicho hunasa katika vishipa vyembamba vya ubongo, na mtoto akapoteza fahamu. Hayo ni maarifa makubwa. Lakini maarifa nayo hugeuka mazoea. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, asilimia 46 tu ndio walioonekana kuwa na vimelea katika damu. Mwaka huohuo, watafiti wa Blantyre, Malawi, walichunguza maiti za watoto 31 waliohesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo. Saba kati yao walikuwa wameuawa na jambo jingine.

Takwimu hizo nilizisoma mara mbili. Daktari naye, mbele ya mtoto anayetukutika, alikuwa na neno lake moja, nalo lilimfungia mlango wa kuuliza zaidi kama lilivyowafungia wazee wetu neno degedege. Huenda ilikuwa homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka, au joto la homa ya kawaida. Zaidi ya hayo, mwaka 2010 utafiti uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba atesuneti ya sindano hupunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Kwinini ile bibi aliyoiogopa ilikuwa na uwezo wa kuokoa, lakini haikuwa kadiri tulivyoaminishwa.

Tumepiga hatua. Leo zahanati inaweza kupima malaria kwa tone la damu kwa dakika zisizozidi ishirini, na atesuneti imechukua nafasi ya kwinini katika kutibu malaria kali. Hata hivyo, Lindi na Mtwara zimebaki miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Tena kipimo huweza kusema hakuna malaria. Swali la pili, basi ni nini, linahitaji maabara, mtaalamu na gari ambavyo vijiji vingi havina.

Kwa hiyo nina ombi kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa. Anapokufa mtoto aliyeshikwa na degedege, msiridhike na kuandika jina la ugonjwa. Andikeni alipimwa nini, na saa ngapi zilipita tangu mtukutiko wa kwanza hadi alipoonwa na mtaalamu. Andikeni njia aliyopita na chombo kilichombeba. Na ninyi vijana mnaotoa elimu vijijini, msianze kwa kumkaripia bibi. Muulizeni aliona nini, kwani mganga anayeaminiwa akikubali kumpeleka mtoto zahanati saa ileile, mtakuwa mmeokoa siku mbili.

Mdogo wangu alifikishwa kwenye kituo cha tiba siku ya tatu. Kadi yake iliandikwa malaria kali. Damu haikupimwa, kwa kuwa mpimaji hakuwepo. Alipona homa, lakini hakuwahi kuzungumza sawasawa tena, na tangu hapo kifafa kimekuwa mwenzake. Darasani alikaa miaka miwili tu. Sasa amevuka umri wa miaka arobaini, na mama bado humlaza chini ya chandarua kama mtoto.

Mwaka jana mama aliniuliza, "Mwanangu, wewe uliyesoma, lile lilikuwa nini hasa?" Nilikuwa na majina mawili ya kumpa, la bibi na la kwenye kadi. Nikamwambia kweli: damu haikupimwa, mama, kwa hiyo hakuna ajuaye. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wangepima."