Kutoka Faili hadi Maneno: Pochi ya Bitcoin katika Kompyuta ya Mezani, 2009–2016

Programu ya kwanza ya Bitcoin, iliyotolewa na Satoshi Nakamoto Januari 2009, ilihifadhi funguo za siri za mtumiaji katika faili moja, wallet.dat. Aliyeipoteza faili hiyo alipoteza fedha zake, kwani hapakuwa na benki ya kumrejeshea.

Nakala ya akiba nayo haikutosha. Chenji ya kila malipo ilipelekwa kwenye ufunguo mpya ambao haukuwamo katika nakala ya zamani. Mwaka 2010 programu ilianza kutengeneza funguo 100 mapema. Hatua hiyo iliahirisha hatari bila kuiondoa, kwa kuwa funguo hizo nazo ziliisha.

Suluhisho lilikuwa kuzalisha funguo zote kutoka chanzo kimoja. Electrum, iliyoanzishwa na Thomas Voegtlin mwaka 2011, ilifanya hivyo kwa maneno 12 yanayoweza kuandikwa karatasini. Programu ya awali, iliyokwisha kuitwa Bitcoin Core, ilifuata kanuni ya chanzo kimoja mwaka 2016 katika toleo la 0.13. Kwa hiyo kilichobadilika ni umbo la siri. Dhima ya kuitunza ilibaki kwa mwenye fedha.