Shamba la Shule Muheza: Jembe Kwanza, Mmea Baadaye

Waulize watu wa rika langu, tuliosoma shule ya msingi miaka ya 1970, shamba la shule lilikuwa la nini. Watakwambia lilikuwa la mahindi na mihogo, na la pamba kwa wale wa kanda ya ziwa. Wengine watacheka na kusema lilikuwa la waliochelewa namba. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema lilikuwa la kujifunzia mmea unavyoishi. Nimefundisha sayansi hapa Muheza mpaka nilipostaafu, na hili limenikera muda wote: mtoto wa wilaya hii anakulia katikati ya mimea yenye historia ya kusisimua kuliko vita vingi tunavyomkaririsha, lakini shuleni hupewa jembe bila maelezo, kisha darasani akapewa maelezo bila mmea.

Historia hiyo haianzii shuleni. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likiota kwenye miamba yenye kivuli huku Tanga na Usambara. Wenyeji wanaliita dughulushi. Alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland, bingwa wa mimea wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akaliandika kitaalamu na kulipa jina la familia ile: Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na watoto wa huko hulitumia kujifunza jambo ambalo wengi hudhani haliwezekani. Unachuma jani moja na kikonyo chake, unachomeka kikonyo kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa mimea michanga huchomoza chini ya lile jani bila mbegu wala ua. Jani limezaa. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikukutana na shule ya Muheza iliyokuwa na dughulushi hata moja kwenye kopo.

Mwaka 1893 ukaja mkonge. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kwa sababu Mexico, kwenye asili ya mmea huo, haikutaka kuuza. Miche ilipitia Hamburg, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai, na ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na hakuna nchi iliyoizidi. Mtu akisikia hesabu hiyo aulize papo hapo: mimea 62 iliwezaje kujaza mkoa mzima? Jibu liko juu ya mlingoti. Mkonge ukikomaa husukuma mlingoti mmoja mrefu kupita nyumba, hutoa maua mara moja tu maishani, na mahali pa maua hujitokeza vikonyo, miche midogo iliyokwisha kuota majani ingali juu hewani. Mlingoti mmoja hubeba vikonyo kwa mamia na zaidi. Huanguka, hukusanywa, hupelekwa kitaluni, na mama mkonge hufa. Vikonyo vyote vinafanana na mama yao kwa kila kitu, kwa hiyo ugonjwa unaomuua mmoja unaweza kuwaua wote. Baba yangu alikata mkonge zaidi ya nusu ya maisha yake na alilijua hilo vizuri. Mimi nilipokuwa darasa la sita niliulizwa kwenye mtihani njia za uzazi wa mimea, nikaandika viazi ulaya kama kitabu kilivyosema.

Wajerumani walikuwa na shule Tanga tangu miaka ya 1890, na ilifanya kazi iliyokusudiwa: kutoa makarani na wakusanya kodi wanaojua kuandika. Mimea ilikuwa na shule yake nyingine, mlimani. Mwaka 1902 walianzisha Taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, wakaizungushia bustani ya miti kutoka pembe zote za dunia, mikwinini ikiwemo. Wataalamu walipima, walipanda, waliandika. Kwa wenyeji wengi Amani ilikuwa mahali pa kibarua.

Waingereza walipochukua nchi, suala la shule likawa mezani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki chini ya Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwemo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: afya, ufundi, na zaidi ya yote kilimo. Bustani za shule zikaanza kuhimizwa kuanzia Kenya hadi Tanganyika. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri. Wazazi hawakulipenda, na mimi siwalaumu. Mtoto aliyelelewa shambani alijua kulima kabla hajajua kuhesabu. Alipelekwa shule ili apate kile alichokuwa nacho karani, yaani kalamu na mshahara, halafu jioni anarudi na matope miguuni. Watoto wa walowezi hawakupewa shule za majembe, na kila mzazi aliliona hilo. Bustani ikabeba tuhuma ambayo haikuwahi kuisha: kwamba ni njia ya kumbakiza mtu mahali pake.

Wakati huo huo Amani lilikuwa likifanyika jambo ambalo lingefaa kila darasa la watoto Afrika. Muhogo ulikuwa ukiliwa na batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuenezwa na inzi weupe, na pia na ugonjwa mwingine ulioozesha mizizi ardhini huku mti juu ukionekana mzima. Huu wa pili H. H. Storey aliueleza kitaalamu mwaka 1936. Ndio michirizi kahawia. Kutibu mmea mgonjwa hakukuwezekana, na kwa kuwa muhogo hupandwa kwa vipande vya mti wake, kila kipande kilihamisha ugonjwa kwenda shamba jipya. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols wakaamua kuupitisha muhogo kwenye njia ambayo mkulima huwa haihitaji: ua. Walichukua chavua na kuuzalisha muhogo na jamaa zake wa porini, mmojawapo ule mti wa mpira wa Ceara ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi kisha biashara yake ikaanguka mwaka 1913, bei ilipozidiwa na mpira wa Malaya. Machotara wa kwanza walikuwa wagumu na hawakufaa kuliwa. Wakawarudisha kwa muhogo mtamu, kizazi baada ya kizazi, wakiteua wale waliobaki na ukinzani. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na kutoka humo ukapatikana mstari wa muhogo ambao watafiti wa Ibadan waliutumia baadaye kuzalisha aina kinzani zilizoenea barani. Asili yake ni kilima kinachoonekana kutoka stendi ya Muheza, siku ambayo ukungu haupo.

Nilikuwa darasa la tano mwaka 1974. Miaka saba kabla ya hapo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea. Nimeisoma mara nyingi nikiwa mtu mzima, na ninawasihi wanaoilaumu waisome kwanza. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, ndiyo, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga, waone matokeo ya mbolea na ya kilimo cha kukinga mmomonyoko, wajue sababu. Kilichotufikia sisi kilikuwa nusu ya kwanza. Ulikuwa mwaka wa njaa baada ya mvua kukatika, redio ilihimiza kilimo cha kufa na kupona, na kwenye ratiba kulikuwa na kipindi kilichoandikwa EK ambacho maana yake ilikuwa jembe begani. Ekari zilihesabiwa, magunia yakahesabiwa, mkaguzi akaandika. Shule moja niliyosoma, mchelewaji alipewa matuta. Mwenye kosa kubwa alipewa matuta zaidi. Ndivyo mmea ulivyokuja kuwa adhabu akilini mwa watoto werevu kabisa.

Na mahindi yale yale tuliyopalilia yalikuwa somo zima! Mbelewele kule juu ni ua dume, hudondosha chavua. Ndevu za hindi ni njia ya kike, na kila uzi mmoja huenda kwenye punje moja. Chavua ikikosa uzi, punje haijai. Tulivuna mahindi yenye mapengo tukasema mbolea ilikuwa kidogo. Mwalimu wa zamu alikuwa anajua habari za chavua, maana alitufundisha kesho yake kwa mchoro wa ua la maharage ubaoni. Ila shamba na ubao havikuwahi kukutana.

Nilipopewa chaki yangu mwenyewe nilianza na swali lililo rahisi kwa sura: muhogo umetoka wapi? Darasa zima hujibu kwa udongo, na wazazi wao pia. Hapo huwasimulia Jan van Helmont, Mbelgiji aliyepanda mti kwenye pipa la udongo mkavu wa pauni 200. Baada ya miaka mitano mti uliokuwa pauni 5 ulifika 169, na udongo ulipungua wakia mbili hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648. Mwenyewe alidhani mti umejengwa na maji matupu. Ilibidi kusubiri hadi 1779 kwa daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, kuonyesha kwamba majani ya kijani hufanya kazi hiyo kwenye mwanga. Watoto hubisha. Nikawaambia waende nyumbani wakamuulize bibi kwa nini anakataza kuchuma kisamvu kupita kiasi kwenye mti mmoja. Kila bibi wa Kibondei anajua: ukiumaliza majani, chini hakuna muhogo. Jani ndilo jiko, maji hutoka chini na hewa hutoka juu, jua ndilo moto. Wanga huteremshwa kwenda kuwekwa kwenye mzizi. Matone ya ayodini kwenye kipande cha muhogo mbichi hugeuka bluu nyeusi, na mtoto ameona mwenyewe akiba ya majani aliyokuwa akiipalilia bila kuitambua.

Uzazi haukunipa shida, ingawa walimu wenzangu wengine hulikwepa somo hilo. Mpapai dume uko kila ua. Watu wana visa vyao vya kuugongomea msumari ili uzae. Mimi niliwapa watoto maua ya dume na ya jike wayapasue kwa wembe, wakaona ovari iko wapi na haiko wapi. Michungwa nayo ni ya kubebesha. Mche wa limau kali hupasuliwa gome, kijicho cha mchungwa mtamu huchomekwa, hufungwa kwa nailoni, na juu huota chungwa huku chini kukibaki limau. Vijana wa hapa hufanya hivyo wakiwa na umri wa darasa la saba, kwa ujira, kwa mikono inayonishinda mimi. Nimewahi kumpa mmoja wao darasa langu kwa kipindi kizima. Alama zake za sayansi zilikuwa mbaya.

Sasa mashamba ya shule yanarudi, safari hii kwa ajili ya uji na makande ya mchana. Ni jambo jema, mtoto mwenye njaa hasikii habari za chavua. Ila naona hesabu zimeanza tena kuwa za magunia. Wakuu wa shule wa Muheza, nawaomba mawili. Tengeni tuta moja ambalo mavuno yake hayaandikwi popote na ambalo hakuna mchelewaji anayepelekwa, pawe na hindi, muhogo, mpapai wa kila jinsia na kopo la dughulushi kivulini. Kisha, kabla hamjakodi basi la kwenda Mikumi kuona simba, wapelekeni watoto Amani. Ni hifadhi tangu 1997, miti ya Wajerumani ingali imesimama, na kutoka hapa mjini ni kilomita 35 tu hivi.