Sakafu Ipitayo Chini ya Ukuta

Mtu akitaka kujua habari za nyumba ya zamani, asitazame kuta tu. Na ainame aitazame sakafu. Pengine ataona vigae vya chumba kimoja vimepita chini ya ukuta na kutokea chumba cha pili. Hapo sakafu yashuhudia kwamba yenyewe ndiyo mkubwa, na ukuta ni mdogo wake: palikuwa na chumba kimoja, akaja mtu akakigawa.

Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, ni mahali pa namna hiyo. Wadachi walijenga pale jumba la soko, lakini vita vya mwaka 1914 vikaja kabla halijaanza kazi yake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps kwa Kiingereza, na ndilo asili ya jina la Kariakoo. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu. Baadaye jumba lile likawa soko. Kisha likavunjwa, na soko jipya, lililochorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Kila zama zimejenga juu ya zama nyingine.

Nyumba za watu nazo zilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Biashara ilipozidi, vyumba vya mbele viligeuzwa maduka, na duka moja likagawanywa mawili. Mara nyingi waliogawa hawakuvunja sakafu. Walipandisha matofali juu yake.

Sasa mwenye nyumba ataka vigae vipya. Fundi mwenye pupa hukifuata kigae cha zamani mpaka chini ya ukuta, akakichokoa. Na ukuta uliokalia kigae hukalia hewa. Fundi mwenye busara huuliza kwanza ukuta umebeba nini juu: boriti, zege, au haukubeba kitu. Asipojua, humwita mhandisi. Kisha hukata vigae kwa mstari mmoja kandokando ya ukuta kabla ya kupiga tindo, ili mshindo usipite chini. Vilivyo chini ya ukuta huviacha vilale, na vipya huvifikisha ukutani tu.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Sisemi kwamba vigae ndivyo vilivyoliangusha. Nasema kwamba siku ile ilitukumbusha kuwa kilicho chini ya miguu yetu hubeba roho za watu. Basi, anayetengeneza nyumba aliyoachiwa na wazee, na aulize kwanza ni nani aliyembeba mwenzake, ndipo ashike nyundo.