Meza ya Duara ya Chai na Karata

Reli ilipowasili Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya kusafirisha shaba ya Kilembe, nchi hii iliyo chini ya milima ya Rwenzori, Rukoki ikiwamo, iliungana na Kampala na bandari ya Mombasa, na samani za mbali zikapata njia nyepesi ya kufika.

Meza ya duara yenye nguzo moja na miguu mitatu, ambayo uso wake hugeuzwa wima kwa bawaba ili iwekwe kando ya ukuta baada ya chai, ilienea Uingereza katika karne ya 18, aghalabu ikiundwa kwa mti wa mahogani. Na ya karata ilikuwa mara nyingi nusu duara ambayo, ikikunjuliwa, hutimia na kudhihirisha kitambaa cha kijani. Huku Uganda mafundi seremala wamezoea mvule, ambao mchwa hauli upesi.

Anayetaka kununua meza ya kale na aupime uso wake kwa utepe, kwanza kwa kufuata nyuzi za mti, kisha kwa kuzikata. Maana ubao husinyaa zaidi upande wa kukata nyuzi, hata duara la zamani likawa na urefu kidogo, na lililotimia kabisa ni la kutiliwa shaka. Kisha aipindue, atafute mikwaruzo ya randa ya mkono: ushahidi huo, kwa rai yetu, wapita kila hadithi ya muuzaji.

Tafadhali, usiipige msasa. Rangi ya kale ikiondolewa hairudi.